Simba wa Tsavo: Idadi ya waliouawa ingali kitendawili

SIMBA wa Tsavo ni madume wawili wasio na manyoya shingoni waliowaua na kuwala wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa kuelekea Uganda, mwaka 1898.

Simba hao walivamia kambi zilizokuwa karibu na Mto Tsavo, mahali daraja lilipokuwa likijengwa, wakawaburura watu kutoka mahemani usiku licha ya maboma ya miiba na mioto iliyowashwa. Vibarua wengi waliamini kwamba hao hawakuwa wanyama bali mizimu ya machifu wawili, iliyoghadhibishwa na reli kupitishwa katika nchi yao. Mamia walitoroka na ujenzi ukasimama kwa takriban wiki tatu.

Msimamizi wa ujenzi, John Henry Patterson, alimuua simba wa kwanza Desemba 9 na wa pili Desemba 29. Mabaki yao yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Field, Chicago, Marekani.

Kuhusu idadi ya waliouawa, Patterson kwanza alitaja Wahindi 28 pamoja na Waafrika wengi. Baadaye akadai watu 135. Utafiti wa mwaka 2009, uliochunguza mifupa na manyoya ya simba hao, ulikadiria kuwa waliliwa watu 35 hivi.

Ukweli kamili hautajulikana kamwe. Vifo vya Wahindi walioajiriwa na reli viliandikwa. Vya Waafrika havikuwekwa katika rekodi yoyote rasmi.