Sanduku la Wino la Gaborone

Kutoka katikati ya Gaborone hadi mpaka wa Afrika Kusini ni kilomita kama 15 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaribu huo ulikuwa neema na hatari kwa pamoja. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini waliokuwa Mazimbu, kule Morogoro nchini Tanzania, walilala mbali na bunduki za Pretoria. Waliobaki Botswana walilala mlangoni pa adui, ila walichochapa usiku kiliweza kuvukishwa kimyakimya na kubandikwa kwenye kuta za vitongoji vya Johannesburg.

Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele. Alizaliwa katika kitongoji cha Alexandra mwaka 1948, mwaka uleule chama cha National kiliposhika madaraka na kuanza kuugeuza ubaguzi kuwa sheria, kifungu baada ya kifungu. Kijana Mwafrika mwenye kipaji cha kuchora hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1973 Mnyele alipata nafasi Rorke's Drift, kituo cha sanaa cha Walutheri huko Natal, mojawapo ya milango michache sana iliyokuwa wazi kwa watu kama yeye. Baadaye akafanya kazi SACHED, taasisi iliyowasomesha Waafrika nje ya ile elimu duni waliyotengewa na serikali. Huko alichora vielelezo vya vitabu vya kujisomea. Kazi ya namna hiyo haisifiwi sana, lakini humfunza mchoraji jambo kubwa: kumfikiria mtu atakayeushika ukurasa, aliyechoka baada ya kazi na hana mwalimu wa kumuuliza.

Michoro yake binafsi ya miaka hiyo ilikuwa na sura nyingine kabisa. Ilijaa watu wenye maumivu, waliozama katika giza la ndoto, na kuielewa kulihitaji muda na utulivu.

Mwaka 1979 alivuka mpaka na kuingia Gaborone, akajiunga na kundi la wasanii wa uhamishoni lililoitwa Medu. Jina hilo ni la Kisepedi, maana yake mizizi. Medu ilikuwa na vikundi vya muziki, maigizo, uandishi, picha za kamera na michoro. Mshairi Wally Serote alikuwemo, na wanamuziki Hugh Masekela na Jonas Gwangwa pia. Wenyewe walijiita wafanyakazi wa utamaduni. Waliona neno "msanii" linamtenga mchoraji na fundi wa mgodini au mama anayefua nguo za watu, na wao walitaka kuhesabiwa pamoja na hao.

Kikundi cha michoro ndicho kilichoacha alama kubwa kuliko vyote. Kilichapa mabango kwa njia isiyohitaji mtambo wala umeme. Kitambaa chepesi hukazwa kwenye fremu ya mbao, sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi huzibwa, kisha wino mzito humiminwa upande mmoja na kuburutwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Fremu ikiinuliwa, karatasi ya chini imeshapata picha. Kila rangi ina zamu yake, na kila karatasi husubiri ikauke kabla ya rangi ya pili. Ndiyo maana mabango ya Medu yana rangi chache na mistari minene. Walibuni hata karakana ndogo ya kubebeka, vifaa vyote vikipangwa ndani ya sanduku la safari, ili watu wa vitongojini waweze kujichapia wenyewe.

Bango la mwaka 1981 la Judy Seidman, mmoja wa wachoraji wa Medu, laonyesha vizuri walichokuwa wakikitafuta. Ni la kuwakumbuka wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi makao ya serikali Pretoria tarehe 9 Agosti 1956, wakipinga kubebeshwa pasi, yaani vibali vya kutembea. Mwanamke mmoja ameijaza karatasi nzima, na mnyororo unakatika. Mpita njia huielewa picha kabla hajasoma neno hata moja. Na ilibidi iwe hivyo, kwa sababu kusimama mbele ya bango la namna hiyo kulitosha kumtia mtu mashakani.

Mnyele naye alibadilika. Julai 1982 Gaborone ilipokea mamia ya wasanii, wengi wakiwa wametoka ndani ya Afrika Kusini, kwa tamasha la utamaduni na mapambano. Hapo alisoma hotuba akiikosoa sanaa ya wenzake weusi, na ya kwake pia, kwa kujifungia ndani ya huzuni na mafumbo ambayo watu wa kawaida hawakuweza kuyatumia. Kuikana kazi ya ujana wako mbele ya watu kunahitaji moyo. Hata hivyo, ile michoro ya zamani haikupotea bure: uwezo wa kuuonyesha mwili wa mtu ukiwa na uzito na heshima aliupata huko, na mabango yake yanaudhihirisha.

Waliohudhuria walirudi nyumbani na ujuzi. Cape Town na Johannesburg zikapata karakana za kuchapa mabango na fulana, na muungano wa upinzani wa UDF kilipozinduliwa Agosti 1983, mikono ya kukichapia ilikuwa tayari.

Alfajiri ya tarehe 14 Juni 1985, wanajeshi wa Afrika Kusini walivuka zile kilomita 15. Waliua watu 12, mtoto mdogo akiwa miongoni mwao. Mnyele, ambaye pia alikuwa mwanachama wa Umkhonto we Sizwe, jeshi la wapigania uhuru, aliuawa nyumbani kwake. Michoro yake ilichukuliwa, na Craig Williamson wa polisi wa usalama akaionyesha kwenye televisheni kama ushahidi wa ugaidi. Medu haikuendelea tena, waliosalia walitawanyika.

Mabaki ya Mnyele yalirudishwa Afrika Kusini mwaka 2004. Mwaka 2019 jumba la sanaa la Chicago, Art Institute, liliyatundika mabango ya Medu kwenye maonyesho makubwa: karatasi zilezile zilizochapwa kwa mkono ili zikae ukutani usiku mmoja, kabla polisi hawajapita kuzibandua.