Kibera, Kawangware na Ile Sifuri ya Seva

Wasee, juzi nilitafuta fundi simu hapa Kawangware 46 kwa programu moja ya ramani. Jibu: hakuna matokeo. Na mimi nimesimama mlangoni pa kibanda chake!

Seva ya kutafuta ina njia zake za kukunyima. Ukiuliza ovyo, inakurudishia 400. Ukibisha mlango ambao haupo, 404. Ikianguka yenyewe, 500. Lakini uliza vizuri, na daftari lake liwe halina kitu, basi Solr, kwa mfano, inajibu 200, mambo sawa, idadi 0. Hakuna kengele inayolia. Yule anayehesabu makosa kule ofisini analala usingizi mzuri kabisa.

Kibera iliishi ndani ya sifuri hiyo miaka mingi. Askari Wanubi wa King's African Rifles walikaa pale mapema karne ya 20, wakapaita Kibra, yaani msitu. Watu wakajaa, nyumba zikabanana, lakini kwenye ramani za serikali pakabaki msitu tu. Hata OpenStreetMap ilikuwa tupu hapo mpaka 2009, Mikel Maron na Erica Hagen walipoanzisha Map Kibera. Vijana 13 wa mtaani wakashika GPS, wakapita Gatwekera, Lindi, Silanga, wakiandika vyoo, bomba za maji, zahanati, shule. Hawakugundua chochote. Kila mama anayeteka maji alijua bomba liko wapi.

(Na wale wa kusema Kibera ina watu milioni: sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Bishaneni taratibu.)

Baadaye wakaongeza Voice of Kibera, iliyojengwa juu ya Ushahidi, ile programu iliyozaliwa Januari 2008 wakati wa vita vya uchaguzi. Kitu nakipenda pale: ripoti iliweza kuonyeshwa ikiwa na alama kwamba bado haijathibitishwa. Msomaji anajua anashika nini.

Kwa nini seva zetu zisifanye hivyo? Mwenye seva anaweza kuamua sifuri ijibiwe vipi. "Hakuna kliniki" na "mtaa huu hatujauandika" ni majibu mawili tofauti, hasa saa nane usiku ukiwa na mtoto mgonjwa. Na maswali yanayorudi mikono mitupu yawekwe kwenye kumbukumbu, mtu ayasome kila wiki.

Yule fundi nimeshamuweka kwa OpenStreetMap. Aliniuliza kama atalipishwa.