Laki Mbili na Nusu ya Ngara
Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Tukiitamka idadi hiyo "elfu mia mbili na hamsini", msikilizaji aweza kuandika 1,250, au hata 200,050. Na hesabu hiyo ni ya chakula na maji ya watu. Twapendelea "laki mbili na nusu", kwa neno tulilolipata kutoka Bara Hindi.

Namba yenyewe ni kipeo cha pili cha 500. Vigawo vyake tasa ni 2 na 5 tu: ndilo umbo la makadirio ya wahesabuo kwa makumi, hivyo mfasiri asiliache neno "wapatao". Kwa kukosa 3 haigawanyiki kwa 24. Kila saa hupata watu 10,416, na 16 hubaki.