Kinshasa 1974: hesabu zote zilimpa Foreman

Tarehe 30 Oktoba 1974, saa kumi alfajiri huko Kinshasa, George Foreman na Muhammad Ali walipanda ulingoni katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Huku Bunia, mashariki ya Haut-Zaïre, ilikuwa saa kumi na moja, wakati mkulima anatafuta jembe lake gizani. Saa hiyo haikuchaguliwa kwa ajili ya Wazairwa. Ilichaguliwa kwa ajili ya Wamarekani, maana kwao ilikuwa bado usiku wa tarehe 29 na wangeweza kutazama mpambano kabla ya kulala. Serikali ya Mobutu ndiyo iliyoutaka mpambano huo uje Zaire, na kila bondia aliahidiwa dola milioni 5.

Karibu kila mtu aliyeulizwa nani atashinda alisema Foreman. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na hesabu, na ukiitazama hesabu yao karatasini, inasimama vizuri.

Foreman alikuwa na miaka 25, Ali 32. Foreman alikuwa amepigana mara 40, ameshinda zote, na 37 kati ya hizo kwa kumwangusha mtu kabla ya muda kwisha. Joe Frazier alikuwa amemshinda Ali kwa pointi mwaka 1971. Ken Norton alimshinda mwaka 1973 na kumvunja taya. Foreman alipokutana na Frazier huko Kingston, Januari 1973, alimwangusha mara sita katika raundi mbili. Norton naye, Machi 1974 huko Caracas, hakumaliza raundi ya pili. Basi watu wakasema: huyu amewapiga waliompiga Ali, sasa Ali atatokea wapi? Waandishi wengine waliokuja Kinshasa hawakuwa wakijiuliza tena nani atashinda. Walikuwa wanaogopa Ali asije akaumizwa vibaya.

Kasoro ya kwanza ya hesabu hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuiona. Ali alikuwa amekwisha kurudiana na Norton, Septemba 1973, akashinda. Alirudiana na Frazier, Januari 1974, akashinda pia. Watabiri walishika vipigo vyake viwili na kuacha majibu yake mawili. Tena, katika ngumi, kwamba A amempiga B na B amempiga C haina maana kwamba A atampiga C. Frazier na Norton walikuwa watu wa kumfuata adui mbele, na mtu anayekuja mbele ndiye chakula cha Foreman. Ali hakuwa mtu wa namna hiyo.

Kasoro ya pili ilikuwa ya zamani zaidi. Ali alikuwa amekwisha kuwaaibisha watabiri mara moja. Mwaka 1964 huko Miami, akiitwa bado Cassius Clay na akiwa na miaka 22, alipigana na Sonny Liston. Waandishi 43 kati ya 46 walimpa Liston. Liston alibaki amekaa kwenye kiti chake, raundi ya saba ikampita. Ali mwenyewe alipenda kutabiri kwa mashairi hata raundi atakayomaliza kazi. Mwaka 1962 alisema Archie Moore ataanguka ya nne, na akaanguka ya nne. Mwaka 1963 alisema Henry Cooper wa Uingereza ataishia ya tano, ikawa hivyo. Lakini mwaka huohuo alisema Doug Jones atamaliza mapema, na Jones akasimama hadi mwisho wa raundi ya 10. Huyo Archie Moore, miaka 12 baadaye, alikuwa Kinshasa akimsaidia Foreman. Hata yeye alimpa Foreman.

Halafu kikaja kitu ambacho hakuna hesabu iliyokiweka. Mpambano ulipangwa kuwa tarehe 25 Septemba. Tarehe 16, Foreman akiwa mazoezini, alichanika juu ya jicho. Ikabidi kungoja zaidi ya wiki tano. Tamasha kubwa la muziki lilikuwa limekwisha kupangwa, likafanyika bila ngumi. Foreman alitaka kuondoka Zaire akatibiwe kwingine, lakini ilibidi abaki. Familia zinazoishi katika kambi ya Kigonze hazihitaji kuelezwa kungoja kunamfanya nini mtu aliye mahali ambapo hakuchagua, bila kujua tarehe ya kweli. Foreman alijifungia. Alikuwa amekuja na mbwa mkubwa wa aina ile waliyotumia polisi wa Wabelgiji, na watu wa Kinshasa hawakuwa wamesahau mbwa wale. Ali alifanya kinyume. Alikaa N'Sele, akakimbia kando ya mto na watoto nyuma yake, akajifunza kuwachezesha kama kiongozi wa kwaya. Ndipo kelele ya Ali boma ye ikasambaa.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya hadi leo. Umati ule haukuwa unatabiri. Ulikuwa unataka. Mtu aliyepiga kelele Ali amuue Foreman hakuwa amepima mikono wala miguu ya yeyote. Alikuwa amechagua ndugu. Walishinda, lakini si kwa sababu waliona mbele. Vivyo hivyo na mganga anayetajwa katika simulizi za mpambano ule, ambaye inasemwa aliona mwanamke mwenye mikono ya kutetemeka atakayemnyonya Foreman nguvu. Simulizi hiyo ni tamu, na ilipata nguvu zaidi baada ya matokeo kujulikana.

Ulingoni, Ali hakucheza dansi kama alivyokuwa ameahidi kwa majuma. Raundi ya kwanza alimpiga Foreman kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo la hatari ambalo bondia mkubwa hategemei kuliona. Kuanzia ya pili aliegemea kamba, ambazo zilikuwa zimelegea, akaficha uso na kuacha Foreman apige mikono na mbavu. Watu wa kona yake walimpigia kelele atoke pale. Hawakujua mpango huo. Foreman alikuwa amezoea kazi ya raundi mbili. Katika joto la Kinshasa, ilipofika ya tano, ngumi zake zilikuwa nzito kwake mwenyewe. Mwishoni mwa raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba, akampiga mfululizo, na Foreman akazunguka akaanguka. Hesabu ya 37 ilikuwa ya kweli. Ila karibu zote zilikuwa ngumi za dakika chache, na hakuna aliyeuliza nini kitatokea dakika ya 20.

Leo swali hilo lina bei hata hapa Bunia, kwa sababu kijana mwenye simu anaweza kucheza pari kwa mpambano wa Riyadh akiwa juu ya moto yake anangoja mteja. Afahamu kwanza namba anayoonyeshwa ni kitu gani. Tuseme bondia mmoja amepewa 1,20 na mwingine 4,00. Kwa lugha ya nafasi, ya kwanza ni asilimia 83, ya pili 25. Jumla ni 108. Nafasi za kweli haziwezi kupita 100. Zile 8 za juu ni za mwenye duka, ashinde huyu ama yule. Tena namba hizo husogea kufuata pesa za wachezaji. Kinshasa zilisimama karibu tatu ama nne kwa moja upande wa Foreman: mtu aliweka 4 000 ili apate faida ya 1 000 kwa jambo lililoonekana hakika. Akapoteza 4 000 zake.

Wakongomani wamekuwa pande zote za makosa hayo. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi aliyepigana kama Mwitalia, alimshinda Mike McCallum mwaka 1988, wakati McCallum hakuwa amepigwa na mtu bado. Mwaka uliofuata, huko Las Vegas, Michael Nunn alimlaza Kalambay kwa sekunde 88. Martin Bakole wa Kananga alimvunja Jared Anderson huko Los Angeles, Agosti 2024, katika raundi ya tano, na Anderson naye hakuwa amepigwa. Miezi sita baadaye wengi nyumbani walimpa ushindi juu ya Joseph Parker. Lakini Bakole alikuwa ameitwa Riyadh siku mbili tu kabla, kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, na kwenye mizani alifika karibu kilo 143. Habari hizo mbili zilitangazwa kabla ya kengele. Parker alimaliza raundi ya pili.

Foreman alirudi nyumbani na visingizio vya kamba na maji, kisha miaka ikapita, akawa rafiki wa Ali. Tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alipanda ulingoni Las Vegas dhidi ya bingwa Michael Moorer wa miaka 26. Mara hii hesabu ya umri na ya nguvu ilikuwa juu yake, na kwa pointi alikuwa nyuma sana. Katika raundi ya 10 alimlaza Moorer kwa mkono wa kulia. Alikuwa amevaa kaptula ileile nyekundu aliyopigwa nayo Kinshasa.