Kaya Kinondo
Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, mojawapo ya jamii za Wamijikenda, wenye hekta zipatazo 30, karibu na Diani katika Kaunti ya Kwale, Kenya. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vyenye ngome vilivyofichwa msituni, na katikati palikuwa na moro, mahali pa baraza la wazee. Kufikia miaka ya 1940 makao hayo yalikuwa yamehamwa, ndiyo maana wengine huiona kaya kuwa mahame yaliyobaki na miti tu. Ushahidi unaonyesha vinginevyo: wakazi walihama, lakini udugu wa wazee haukuvunjika. Wao ndio watoao ruhusa ya kuingia. Mgeni hufungwa kaniki kiunoni, na kukata mti ni mwiko. UNESCO nayo iliiorodhesha misitu kadhaa ya kaya kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, kisha mwaka 2009 ikaziweka mila zake kati ya zile zinazohitaji ulinzi wa haraka.

Huenda ikasemwa kwamba Uislamu, dini ya Wadigo wengi, pamoja na utalii, vimezigeuza mila hizo kuwa maonyesho. Hata hivyo, wapo Waislamu miongoni mwa walinzi wa kaya. Hatari kubwa zaidi ni vijana kutojifunza: kaya isiyopata wazee wapya itabaki msitu kama misitu mingine.