Clairwood na Pwani ya Bluff

Clairwood ni kitongoji cha kusini mwa Durban, jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kilomita zipatazo 10 kutoka katikati ya jiji. Kimepakana na Jacobs na Mobeni, katika bonde lililojaa reli, maghala na viwanda. Chenyewe hakina ufukwe, kwa kuwa kilima kirefu cha Bluff kinakitenga na Bahari ya Hindi. Makala haya yanaeleza vivutio vya Clairwood pamoja na vya pwani jirani, kutoka lango la bandari hadi Isipingo.

Hali ya hewa na bahari

Mkondo wa Agulhas huleta maji ya uvuguvugu kutoka kaskazini, hivyo watu huogelea mwaka mzima. Durban iliweka nyavu za kuzuia papa mwaka 1952. Juni na Julai makundi ya sadini hupita karibu na pwani, yakifuatwa na pomboo, ndege na wavuvi.

Mahekalu

Wahindi wa mkataba walianza kuwasili Natal tarehe 16 Novemba 1860 kwa meli ya Truro, kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Wengi waliomaliza mikataba walihamia Clairwood na maeneo ya jirani, wakalima mboga. Wengine walivua samaki katika ghuba. Urithi wao mashuhuri hapa ni hekalu la Shree Siva Soobramoniar, linalojaa watu wakati wa sherehe ya Kavady. Waumini hutembea kwa maandamano wakiwa wamebeba mabegani matao ya mbao yaliyopambwa kwa maua na manyoya ya tausi, kutimiza nadhiri kwa mungu Murugan. Baadhi yao hutobolewa ulimi na mashavu kwa sindano. Wasio Wahindu huruhusiwa kutazama, mradi wavue viatu. Hekalu la Mariammen la Isipingo hupokea umati mkubwa siku za Pasaka.

Wazanzibari wa Kings Rest

Upande wa Bluff unaotazama ghuba kuna Kings Rest, mahali penye umuhimu wa pekee kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 1873 serikali ya Uingereza ilipeleka Durban watu waliookolewa na manowari zake kutoka katika majahazi ya watumwa. Walipitishwa Zanzibar, na kwa sababu hiyo wakaitwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Uhuru waliopewa ulikuwa na masharti: walifungwa kwa mikataba ya kazi, kwani koloni la Natal lilikuwa na njaa ya vibarua.

Baada ya mikataba kwisha, Waislamu miongoni mwao waliishi Kings Rest kwenye ardhi iliyonunuliwa na wadhamini Waislamu wa Durban. Walijenga msikiti, wakalima bustani, na kuhifadhi Kimakua pamoja na maneno mengi ya Kiswahili. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulishindwa kuwapanga katika makundi yake ya rangi. Mwishowe uliwaandikisha kama “Waasia wengine”. Katika miaka ya 1960 waliondolewa Bluff na kuhamishiwa Chatsworth, ambako wazao wao wengi bado wanaishi.

Kituo cha nyangumi

Uvuvi wa nyangumi wa Durban ulianzishwa na Wanorwe wawili, Jacob Egeland na Johan Bryde, waliounda kampuni mwaka 1907 na kuanza kuvua mwaka uliofuata. Harufu mbaya iliwachosha wenyeji, kiwanda kikahamishiwa upande wa Bluff unaotazama bahari ya wazi. Nyangumi walivutwa kwa kamba hadi kwenye mteremko ndani ya bandari, wakapakiwa kwenye mabehewa ya reli na kuzungushwa ncha ya Bluff hadi kwenye majukwaa ya kuchunia. Mafuta yalikuwa zao kuu. Kituo hiki kilikuwa miongoni mwa vikubwa duniani vya nchi kavu hadi kilipofungwa mwaka 1975. Magofu yake yamo ndani ya eneo la jeshi, na mgeni hawezi kujiingilia tu. Siku hizi nyangumi wenye nundu huonekana wakipita kati ya Juni na Novemba.

Fukwe na hifadhi

Ansteys na Brighton ndizo fukwe zinazopendwa zaidi. Cave Rock ni maarufu kwa mawimbi mazito yanayowafaa wenye ujuzi wa kuteleza juu ya maji. Treasure Beach ina mabwawa ya miambani na masalia ya nyika ya pwani. Hifadhi ya Bluff ina ziwa dogo na banda la kutazamia ndege. Mikoko iliyosalia katika bandari iko Bayhead.

Uwanja wa mbio za farasi

Clairwood Park ulifunguliwa mwaka 1921. Mbio zilikoma mwaka 2014, na sasa mahali pake pana maghala ya kisasa.

Hali ya sasa

Tangu miaka ya 1950 mipango ya jiji imependelea viwanda, na wakazi wengi wa Clairwood walihamishwa. Waliobaki wanalalamikia malori yanayopita mbele ya nyumba zao. Kiwanda cha mafuta cha Engen, Wentworth, kiliungua mwezi Desemba 2020. Kile cha SAPREF kilisimamisha uzalishaji mwaka 2022. Utalii bado ni mdogo. Wageni wengi huishia uShaka Marine World, upande wa pili wa lango la bandari.