Mwaka wa Rusumo: Utumishi kwa Wakimbizi Mkoani Kagera, 1994–1995

Kitabu cha jubilei huhesabu kwa furaha majengo yaliyowekwa wakfu, watoto waliobatizwa na wachungaji waliotumika. Ni vema na haki kufanya hivyo. Hata hivyo, katika historia ya Kanisa mkoani Kagera upo mwaka mmoja ambao hesabu zake ni za namna nyingine: mablanketi, ndoo za maji, vibaba vya maharage na makaburi. Mwaka huo ulianza Aprili 28, 1994 katika daraja la Rusumo, ukafikia kikomo Machi 31, 1995, siku Serikali ya Tanzania ilipofunga mpaka wake kwa wakimbizi.

Utumishi wa mwaka ule haukuota ghafla kama uyoga. Wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walipofika Bukoba mwaka 1910, waliwakuta tayari Wakristo wenyeji waliolipokea Neno kutoka Buganda, ng'ambo ya pili ya mpaka. Kanisa hili lilijifunza tangu utoto wake kwamba mpaka wa nchi si mpaka wa udugu. Mwaka 1947 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani liliundwa huko Lund, Sweden, wakati Ulaya ilikuwa imejaa watu waliopoteza makwao kwa vita, na kuwahudumia wakimbizi kukawa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1977, fungamano hilo lilipokutana Dar es Salaam, lilimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Nchini Tanzania, Huduma ya Wakimbizi ya Kikristo, ijulikanayo kama TCRS, ilianzishwa mwaka 1964, nayo ikashiriki kuyajenga makazi ya Warundi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kwa hiyo jembe lilikuwa limekwisha kunolewa. Lakini hapana aliyelitazamia shamba la mwaka 1994.

Aprili 6 ya mwaka huo ndege iliyowachukua Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakitoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa Kigali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza na kuendelea kwa muda wa siku 100 hivi. Watu wasiopungua 800,000 waliuawa, na pamoja na Watutsi waliuawa pia Wahutu waliokataa uovu ule. Mto Kagera ukachukua miili ya waliouawa hadi Ziwa Viktoria. Mwishoni mwa Aprili, askari wa RPF walipokaribia mpaka, umati mkubwa ulivuka Rusumo na kuingia Ngara. Katika muda wa siku moja na usiku wake walivuka watu wapatao 250,000. Wilaya nzima ya Ngara wakati huo ilikuwa na wakazi wasiofika 200,000. Wenyeji walilala wakiwa wengi nyumbani kwao, wakaamka wakiwa wachache.

Wa kwanza kuwapokea hawakuwa na gari wala redio ya mawasiliano. Walikuwa wanavijiji wa mpakani, Wahangaza na Washubi, ambao lugha zao zinakaribiana na Kinyarwanda kiasi cha kusikilizana bila mkalimani. Walitoa ndizi, walitoa maji, walitoa mahali pa kulaza watoto. Kisha yakaja mashirika, na mji wa mahema ukaota Benaco, halafu kambi nyingine Ngara na Karagwe. Maji yalipaswa kusukumwa kwa mitambo, vyoo kuchimbwa kwa maelfu, na chakula kugawiwa kwa zamu. TCRS ilikuwa miongoni mwa waliobeba kazi hiyo. Hospitali za makanisa, kama Murgwanza ya Waanglikana, Rulenge ya Wakatoliki na Nyakahanga ya Walutheri, zililemewa na wagonjwa kupita kiasi. Katika foleni za mwaka ule hapakuwa na nafasi ya kuulizana dhehebu.

Ingekuwa rahisi kuifunga sura hii hapo, kwa kumsifu Msamaria Mwema. Lakini historia ya kweli haina budi kulitaja jambo lililowatesa watumishi wengi mioyoni. Yule majeruhi wa njia ya Yeriko alikuwa ameumizwa na wengine. Benaco, aliyeumia na aliyeumiza walikuwa wamepanga mstari mmoja. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, alikuwa kambini na akaendelea kuheshimiwa kama kiongozi. Upande wa pili wa mto, maelfu ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye walikuwa wameuawa katikati ya Aprili, na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimhukumu kwa sehemu yake katika mauaji ya wilaya ile: miaka 30 mwaka 2004, kisha kifungo cha maisha baada ya rufaa mwaka 2006. Mwezi Juni 1994, ilipojaribiwa kumwondoa kambini mtuhumiwa mwingine, Jean-Baptiste Gatete, umati uliwatishia watumishi wa misaada. Naye baadaye alitiwa hatiani.

Je, ingelikuwa haki kuwanyima wote chakula kwa ajili ya hao? Wengi kambini walikuwa wanawake na watoto. Mtoto wa muuaji hulia njaa kama mtoto wa jirani. Watumishi walipima unga na kumwachia hakimu kazi ya hukumu. Na ukweli ni kwamba hakimu alichelewa. Wapo waliosema kwamba kugawa chakula kupitia viongozi wale kuliwatia nguvu, na neno lao halikuwa la kupuuzwa. Huruma isiyotaka kuuona ukweli huweza kutumiwa na mwovu. Hilo ni funzo lililolipiwa gharama kubwa.

Wenyeji nao walilipa. Misitu ilikatwa kwa kuni, mashamba yaliibiwa, bei ya vyakula ikapanda, na shule na barabara zikachakaa. Wapo waliopata soko na vibarua wa bei nafuu. Wapo walioachwa maskini kuliko awali. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa miaka miwili na nusu. Mwezi Desemba 1996 Serikali, pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, iliwataka Wanyarwanda wote warejee kwao kabla ya mwisho wa mwaka. Wengine walijaribu kukimbilia ndani ya nchi, wakarudishwa na askari. Karibu nusu milioni walivuka tena daraja lile lile la Rusumo, na si wote waliovuka kwa hiari. Aliyewapokea kwa machozi mwaka 1994 hakuweza kuitazama siku ile kwa moyo mwepesi.

Hata hivyo ipo mbegu nyingine iliyoota. Watutsi waliokimbia Rwanda tangu mwaka 1959 walipata hifadhi Tanzania, na baadhi yao wakawa washarika wa Kilutheri. Waliporejea kwao mwaka 1994, katika nchi iliyojaa maziara, walikwenda na imani hiyo na kulianzisha Kanisa la Kilutheri la Rwanda. Aliyemkaribisha mkimbizi mwaka 1959 hakujua kwamba alikuwa akimlea mjenzi wa kanisa la kesho.

Katika jubilei hii washarika na wageni wataoneshwa mawe ya msingi. Inafaa wakumbuke pia kwamba msingi mwingine uliwekwa na mikono iliyogawa maji kando ya barabara ya Ngara, bila kujua jina la anayekunywa. Wengi wa watumishi hao majina yao hayakuandikwa popote. Mungu anawajua, na Rusumo inawakumbuka.